Kipupwe Juu ya Pikipiki: Nasaha kwa Wasafiri wa Nyanda za Juu

Kila mwaka ifikapo Juni, upepo wa kusi ukiisha kushika na mahindi yakianza kuingia ghalani, swali lile lile huturudia kutoka kwa wasomaji wa Njombe, Makete, Mufindi, Uporoto na Lushoto, na kutoka kwa wenzao wa Limuru na Kinangop nchini Kenya: mtu apandaye pikipiki alfajiri na mapema afanyeje ili asigande kwa baridi? Waulizao si wa namna moja, kwani wamo madereva wa bodaboda wanaowahisha abiria kwenye basi la kwanza, wamo walimu na wauguzi waendao vituo vyao vya kazi milimani, na wamo wakulima wa viazi ambao, wasipofika sokoni kabla ya jua kupanda, bei huwa imekwisha kuwapita. Wote hao tunawajibu hapa kwa pamoja, wala hatutawachosha kwa nadharia. Tutataja la kufanya, la kuacha, na makosa yanayorudiwa mwaka hata mwaka.

Jibu lenyewe, kwa muhtasari, ni hili: ziba upepo kwanza, kisha ndipo uongeze nguo, na katika kuziba, anza na mikono, maana mkono ulioganda haushiki breki.

## Adui wako ni upepo

Hewa hupoa kwa kadiri ya digrii sita za Selsiasi kwa kila meta 1,000 za mwinuko, na kwa hiyo mtu wa Njombe, akaaye karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, hana haja ya kwenda Ulaya ili aijue baridi. Ama huko uwanda wa Kitulo, unaopita meta 2,600, jalidi huonekana juu ya majani asubuhi za kipupwe. Saa iliyo nzito kuliko zote aghalabu huwa ile ya kuanzia saa 11 alfajiri hata jua lichomoze, kwa sababu ardhi hupoteza joto usiku kucha, hasa usiku usio na mawingu. Nayo ndiyo saa ya abiria wengi.

Lakini baridi hiyo peke yake ingevumilika. Kinachoifanya iume ni upepo, na sehemu kubwa ya upepo huo haitoki mlimani, bali dereva mwenyewe huufanya kwa mwendo wake. Hewa ya digrii 5, mtu akiipasua kwa kilometa 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama hewa tulivu iliyo digrii 2 hivi chini ya sifuri. Mwili huzungukwa na tabaka jembamba la hewa uliyoipasha wenyewe. Upepo hulichukua tabaka hilo, mwili ukapasha jingine, nalo likachukuliwa, hata nguvu zikaisha. Ndiyo maana mtu aliyevaa sweta mbili nene zilizofumwa kwa matundu hutetemeka, ilhali mwenziwe mwenye sweta moja chini ya koti la mvua yu salama.

## Mikono kwanza

Baridi ikizidi, mwili huirudisha damu ndani ili kuulinda moyo na viungo vikuu, na vidole huwa vya kwanza kunyimwa. Nawe wajua kazi ya vidole hivyo: vya kulia vimeshika breki ya mbele, vya kushoto vimeshika klachi. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa pikipiki hupita zaidi ya meta 16 katika sekunde moja, basi vidole vikichelewa kwa sekunde hiyo moja tu, ng'ombe aliyetoka ghafula ndani ya ukungu amekwisha kuwa mbele yako.

Fanya hivi:

1. Pata glavu za ngozi, au za kitambaa kizito kisichopitisha upepo, zenye shina refu linalofunika kifundo cha mkono, ili pasibaki ufa baina ya glavu na mkono wa koti.
2. Hakikisha zina wasaa. Glavu ibanayo huzuia damu, na mkono wa ndani yake hupoa upesi hata kama glavu ni nene.
3. Ukiwa na glavu za sufu pekee, vaa juu yake glavu pana za mpira, zile za kufulia, mradi zisiteleze juu ya usukani na mradi uweze kuivuta breki mpaka mwisho.
4. Mwenye safari za kila siku ashonewe vifuniko vya usukani, yaani mifuko miwili mikubwa ya turubai au ngozi bandia, yenye sponji ndani, ifungwayo kwenye usukani ili mikono iingie humo.

Vifuniko hivi ndivyo vyenye manufaa kuliko kitu kingine chochote tutakachokitaja, na fundi ashonaye viti vya pikipiki anaweza kukushonea. Lakini vikishonwa vibaya ni hatari. Mwambie fundi atie waya mgumu au mpira kuzunguka mdomo wa mfuko, ili usijifunge mkono unapotoka. Kisha, kabla hujaviamini, kaa juu ya pikipiki iliyozimwa, utazame mbele, uingize mikono na kuitoa mara kumi bila kutazama chini; vuta breki na klachi mpaka mwisho; geuza usukani kulia kabisa na kushoto kabisa. Mkono ukikwama hata mara moja, au kitambaa kikigusa wenzo wa breki, kirudishe kwa fundi.

## Shingo, uso na kofia ngumu

Upepo ukikosa njia penginepo huingia shingoni, ukashuka kifuani, na koti lako lote likawa bure. Vaa skafu fupi, au mfano wa shingo ya sweta isiyo na ncha, na ncha zake, ikiwa zipo, zifichwe zote ndani ya koti. Jambo hili si dogo: mcheza dansi mashuhuri wa Marekani, Isadora Duncan, alifariki mjini Nice, Ufaransa, mwaka 1927, baada ya skafu yake ndefu kunaswa na gurudumu la gari alimokuwa. Pikipiki, ambayo cheni yake na spoku zake ziko karibu zaidi na nguo za mtu, yahitaji hadhari iliyo kubwa zaidi.

Mintarafu ya kichwa, zingatia haya:

- Chini ya kofia ngumu vaa mzula mwembamba, au boshori nyembamba ifunikayo masikio na kidevu. Mzula mnene huinua kofia isikae mahali pake, na kofia isiyokaa vizuri haikulindi siku ya kuanguka.
- Usiache kofia ngumu ukavaa mzula peke yake kwa kuwa una joto zaidi. Hilo tumeliona mara nyingi asubuhi za kipupwe, na ni kuuza uhai kwa bei ya masikio.
- Kioo cha kofia kifungwe. Kikiingia ukungu wa pumzi, kifungue kwa upana wa kidole. Na nyumbani, kabla ya safari, kipake upande wa ndani sabuni kidogo kavu, kisha ukifute kwa kitambaa laini mpaka king'ae. Utando mwembamba wa sabuni utakaobaki huzuia ukungu kwa muda mzuri.
- Kioo cheusi hakifai alfajiri wala jioni.

## Kiwiliwili: nguo tatu zenye kazi tatu

Wengi hudhani kuwa joto ni wingi wa nguo. Ukweli ni kwamba nguo tatu, kila moja ikiwa na kazi yake, huzidi nguo sita zilizovaliwa ovyo.

1. Ya kugusa ngozi. Kazi yake ni kuuacha mwili mkavu. Fulana nzito ya pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na jasho likipoa hugeuka kuwa adui mwingine aliyefichwa kifuani. Afadhali fulana nyepesi ya michezo ikaukayo upesi, au ya sufu nyembamba. Ukilazimika kuvaa pamba, chukua nyingine kavu ya kubadili.
2. Ya katikati. Kazi yake ni kushika hewa yenye joto. Sweta ya sufu ni aula, kwani sufu huhifadhi joto hata ikipata unyevu. Kama huna, jaketi laini lenye manyoya ndani hutosha.
3. Ya nje. Kazi yake ni kuziba upepo. Koti la mvua, jaketi la ngozi au la nailoni nzito, lolote litafaa, almuradi lifungwe viganjani, shingoni na kiunoni.

Nguo hizi zisibanane, kwa kuwa hewa iliyo baina yake ndiyo blanketi lako la kweli. Na unapopanda kilima ukiisukuma pikipiki matopeni, fungua koti kabla hujatoka jasho, kisha ulifunge utakapoendesha tena. Mtu aliyelowa jasho akaingia katika upepo hupoa kwa kasi ambayo sweta haiwezi kuizuia.

Pasipo jaketi zuri, gazeti ni msaada mkubwa. Kunja kurasa nne au tano, uziweke baina ya sweta na koti, kuanzia shingoni mpaka tumboni. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Ufaransa walikuwa wakipokea magazeti kwenye vilele vya milima na kuyatia kifuani kabla ya kuteremka, wala hawakuwa watu wasiojua kazi yao.

Kadhalika wako wavaao jaketi mbele nyuma, ili zipu iwe mgongoni na kifua kizibwe na kitambaa kitupu kisicho na mlango. Njia hii yafaa kwa safari fupi, kwa sharti kwamba mabega yasibanwe, mikono ifike kwenye usukani bila kuvutwa, na jaketi lifungwe mgongoni lisipepee.

## Magoti na miguu

Goti la dereva hutangulia mbele na kupokea upepo mzima, nalo, kwa kuwa lina nyama chache, hupoa hata ndani ya mfupa. Suruali ya mvua, ikivaliwa juu ya suruali ya kawaida hata siku isiyo na mvua, ndiyo dawa iliyo rahisi. Wengine hutumia aproni nzito ya ngozi bandia itokayo kifuani mpaka chini ya magoti. Ni nzuri, ila ukingo wake wa chini usifikie kanyagio la gia, breki ya nyuma wala ekzosi.

Kwa miguu, vaa mabuti yanayopita kifundo. Soksi moja nzito ya sufu ndani ya buti lenye nafasi hushinda soksi tatu zilizoshindiliwa. Gambuti huzuia upepo na umande vizuri, lakini hutoa jasho jingi na soli yake nene hukunyima kuihisi gia. Basi lizoee kwanza mahali pasipo na magari. Na uwapo njiani, chezesha vidole vya miguu ndani ya kiatu kila unapokumbuka.

## Asiye na fedha nyingi aanzie wapi?

Swali hili ni la haki, kwani mtu ambaye bado analipia pikipiki kwa mkataba hana akiba ya kununua kila kitu kwa siku moja. Nunua kwa utaratibu huu:

1. Glavu, au vifuniko vya usukani.
2. Koti la mvua.
3. Kitu cha shingoni.
4. Suruali ya mvua.
5. Soksi za sufu na mabuti.
6. Sweta ya pili, ikiwa bado waihitaji.

Kwenye mitumba, usidanganywe na unene wa jaketi. Weka kitambaa chake mdomoni, uweke kiganja upande wa pili, upulize kwa nguvu: ukiihisi pumzi kiganjani, upepo wa barabarani nao utapita. Kisha tazama zipu, viganja vya mikono na mishono ya mabega, maana huko ndiko jaketi kuukuu huanza kuvuja. Jaribu pia kuinyosha mikono mbele kana kwamba umeshika usukani. Mikono ya jaketi ikipanda mpaka katikati ya kigasha, liache.

Onyo moja hapa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na tangu hapo wako waliogeukia mifuko ya ndani ya magunia ya mbolea, au vifungashio vya viatilifu, wakaivaa kifuani au miguuni. Tafadhali, msithubutu. Mabaki ya dawa yakikutana na jasho huingia ngozini, na madhara yake ni makubwa kuliko baridi mliyoikimbia. Gazeti na koti la mvua vyatosha.

## Abiria naye ni mtu

Dereva ana kazi ya kufanya na vifaa vya kuvaa, ilhali abiria wake hukaa kimya nyuma, aghalabu amevaa nguo za mjini, akapoa pasipo kusema. Dereva mwema humwuliza kabla ya kuondoka, na mwenye busara huwa na koti moja la akiba chini ya kiti au ndani ya mfuko.

Nawe abiria, shika haya:

- Kanga, shuka la Kimasai au kitenge kifungwe na kuingizwa ndani, kisining'inie upande wa cheni wala wa gurudumu. Kabla pikipiki haijaondoka, dereva ageuke na kutazama mwenyewe.
- Mama aliyebeba mtoto mgongoni asimfunike uso kabisa. Mtoto azuiwe upepo, lakini pua na mdomo viwe wazi, na kila mnaposimama mama amguse na kumwangalia. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, wala hawezi kusema. Kama safari yaweza kungoja jua, aula ingoje.
- Usimkumbatie dereva mikononi kwa ajili ya joto. Mshike kiunoni, au ushike chuma cha nyuma.

## Pikipiki nayo ina baridi yake

- Iwashe kwa utulivu. Vuta choki ikiwa ipo, piga kiki, uiache iungurume kwa dakika moja au mbili bila kuibana mafuta kwa nguvu, kisha urudishe choki.
- Uiwashe nje, kamwe si ndani ya chumba unamolala wala stoo iliyofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu.
- Pima upepo wa matairi kabla ya kuondoka. Hewa ya ndani ya tairi hupungua nguvu baridi inapozidi, na tairi legevu huteleza konani.
- Tairi lililolala baridini halishiki barabara vizuri katika kilometa za mwanzo. Nenda polepole, usilaze pikipiki konani, na ujihadhari na madaraja na vivuli vya misitu ya misonobari, ambako umande na jalidi hukawia kuondoka hata baada ya jua kutoka.
- Safisha taa. Na ukivaa koti jeusi juu ya kizibao chako cha kung'aa, umekizima: kizibao kikae juu ya nguo zote, hasa kwa waendao katika barabara kuu ya Makambako na Uyole pamoja na malori.

## Kabla ya kutoka na uwapo njiani

Mwili hutengeneza joto lake kwa chakula. Kunywa uji, kula kiazi au kipande cha mkate, unywe chai ya moto yenye sukari; tumbo tupu ni jiko lisilo na kuni. Zipashe glavu ndani ya nguo zako kabla ya kuzivaa, na uzivae ukiwa ndani ya nyumba, kwani ni rahisi kulinda joto ulilo nalo kuliko kulitafuta baada ya kulipoteza.

Njiani:

1. Punguza mwendo. Upepo hupungua, na muda wa kufikiri huongezeka.
2. Simama kila baada ya nusu saa au dakika 40, hata kama wajiona salama.
3. Ukisimama, chuchumaa na kuinuka mara kadhaa, kisha zungusha mikono yako yote kwa duara kubwa mpaka uihisi damu ikirejea vidoleni.
4. Vidole vikiwa vimekufa ganzi, vitie kwapani au tumboni chini ya nguo. Usivisugue kwa nguvu.
5. Usivisogeze kwenye moto wala kwenye ekzosi. Mkono usiohisi baridi hauhisi moto pia, na kuungua kwake hujulikana baadaye.

## Makosa yaliyozoeleka

- Kunywa pombe kali ili kupasha mwili. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, ukajihisi una joto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka. Na fauka ya hayo, hupumbaza akili na kuchelewesha mkono.
- Kufungia jiko la mkaa ndani ya kibanda cha kusubiri abiria. Hewa ya mkaa huua watu wakiwa usingizini pasipo dalili. Jiko likae nje, au mlango na dirisha vikae wazi.
- Kuendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni.
- Kwenda kasi ili kufika upesi. Huo ndio ununuzi wa upepo zaidi.
- Kuficha mikono ndani ya mikono mirefu ya sweta badala ya glavu. Sufu huteleza juu ya usukani na kunasa kwenye wenzo.
- Kuondoka bila koti kwa sababu mchana kuna jua. Atokaye saa 6 mchana hurudi saa 1 usiku.

## Dalili za hatari na la kufanya

Joto la mwili wa mtu mzima ni kama digrii 37. Likishuka chini ya 35, mtu ameingia katika ugonjwa unaoweza kuua. Ujapo huja polepole, na mwenye nao huwa wa mwisho kuutambua. Basi angalieni ninyi kwa ninyi, madereva wa kijiwe kimoja, dalili hizi:

- kutetemeka kusikozuilika;
- maneno kuvurugika, kama ya mlevi;
- kuangusha vitu, au kushindwa kufunga zipu;
- kujikwaa, kusinzia, kuwa mzito wa kujibu;
- na iliyo mbaya kuliko zote, kutetemeka kuacha ghafula ilhali mtu bado yu baridi.

Aonekanaye hivyo asiendeshe tena, hata kama amebakiza kilometa mbili. Mwingizeni mahali pasipo upepo, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa nguo kavu, mkianza na kifua, shingo na kichwa kabla ya mikono na miguu. Akiwa macho na aweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari. Akiwa hajitambui, msimpe chochote mdomoni, bali mpelekeni hospitali hima.

## Hoja mnazozileta

*"Mimi nimezaliwa Makete, nimezoea."* Mazoea huifanya akili isilalamike, lakini hayavipi vidole damu. Jipime: baada ya nusu saa ya mwendo, simama ujaribu kufunga na kufungua kifungo kidogo cha shati. Ukishindwa, ujue kwamba mkono huo huo ndio uliokuwa umeshika breki.

*"Abiria watanicheka nikivaa mbele nyuma."* Abiria hamcheki dereva aliyemfikisha salama. Na akicheka, atakuwa anacheka akiwa mzima.

*"Vifuniko vya usukani vitaniua nikianguka."* Hofu hii ina msingi kwa vifuniko vilivyobana, na ndiyo maana tumesisitiza mdomo mpana na lile jaribio la mara kumi. Kifuniko kilichoshonwa vyema hakiushiki mkono. Mkono ulioganda ndio usioweza kujitoa.

*"Baridi hii ni ya miezi mitatu tu."* Ni kweli, Juni mpaka Agosti. Lakini glavu moja njema hudumu kwa misimu kadhaa, na ajali huhitaji asubuhi moja.

## Neno la mwisho

Tunawasihi wenye pikipiki wanaowakabidhi vijana vyombo vyao kwa mkataba, pamoja na viongozi wa vijiwe katika kila mji wa nyanda za juu, kwamba glavu na koti la mvua vihesabiwe pamoja na kofia ngumu kuwa vitu vya lazima vya kazi, wala visiachiwe hiari ya mfuko wa kijana anayeanza maisha. Nawe msomaji uliyetuuliza, usingoje mpaka jalidi ionekane: Jumamosi hii pita mitumbani, puliza vitambaa, tafuta glavu zako, kisha mwendee fundi wa viti na kipimo cha usukani wako mkononi. Pasipo fedha ya vyote, nunua kilichotangulia katika orodha yetu, yaani kile kitakachoilinda mikono, maana ndiyo mikono hiyo abiria wako anaitegemea kumfikisha kwake.